Shajara ya mradi: George, Lennie na wapakiaji wa korosho, Mtwara mjini

Oktoba, minada ya korosho imefunguliwa

Kwa wanaofuatilia, kazi imeanza. Tunachofanya ni hivi, tunakaa na vijana wanaopakia na kushusha korosho kwenye maghala ya hapa mjini, tunasimuliana kitabu kimoja cha zamani kuhusu vibarua sura kwa sura mpaka mwisho, mi nasoma usiku nyumbani kwa Kiingereza alafu jioni nawasimulia kwa Kiswahili, tukimaliza tunatunga igizo letu la sauti la vibarua wa huku kusini na kulirekodi kwa simu. Hamna mfadhili, hamna fomu ya kusaini. Mahali ni nyuma ya kibanda cha mama ntilie mmoja barabara ya kwenda bandarini, mda ni baada ya magharibi hadi isha inapoadhiniwa, basi. Huo mda ni mfupi lakini ndio walionao, wengine wametoka ghalani toka alfajiri na kesho alfajiri tena.

Kitabu ni Of Mice and Men cha John Steinbeck, Mmarekani, kilitoka 1937. Nimekichagua kwa sababu mbili na zote nazisimamia. Kwanza kimejengwa kwa ajili ya kusikilizwa, jamaa alikiandika makusudi kiweze kupanda jukwaani kilivyo, sura ni 6 tu, na kila sura inakaa sehemu moja haihami, mtoni, bwenini, chumba cha mtunza farasi, banda la nyasi, alafu mtoni tena, na maongezi ndio yanabeba kila kitu, mwaka huohuo 1937 kikachezwa New York. Mtu aliyechoka mgongo na mabega hawezi kufuata riwaya ya kurasa mia tano ila watu wawili wanaobishana kando ya mto atawafuata.

Sababu ya pili, watu waliomo humo wanabeba magunia. Ya shayiri, kwenye bonde la Salinas, California, karibu na mji unaitwa Soledad. Steinbeck kazaliwa hukohuko Salinas 1902 na kabla hajajulikana alishafanya kibarua mashambani, kwaiyo anajua gunia linakaaje mgongoni. Ni miaka ambayo uchumi wa Marekani ulikua umeanguka, ulianza kuporomoka 1929, wanaume wanazunguka shamba hadi shamba na blanketi begani, wanafanya kazi mwezi, wanalipwa, wanaimaliza yote mjini kwa wikendi moja, wanaanza upya. Nilipowaambia hapo tu kijana mmoja wa Tandahimba akasema "huyo anatuzungumzia sisi mwezi wa pili", maana ya mwezi wa pili kila mtu hapa anaijua, msimu umeisha, meli zimeondoka na korosho kwenda India na Vietnam, na mfukoni hamna kitu.

Bado Oktoba, sura ya kwanza

Tumeimaliza. George mdogo wa mwili, kichwa chepesi, mdomo mkali. Lennie jitu, nguvu za watu wawili, akili ya mtoto mdogo, anapenda kushikashika vitu laini, ameweka panya aliyekufa mfukoni kwa sababu ya manyoya yake. Wametimuliwa kutoka mji wa Weed kwa sababu Lennie alishika gauni la binti, kitambaa kilimvutia, binti akapiga kelele nae kwa woga akazidi kung'ang'ania. Sasa wanalala kando ya mto usiku kabla ya kuripoti shamba jipya, wana makopo ya maharage, Lennie anataka tomato, George anawaka, anamwambia angekua peke yake maisha yangekua rahisi, alafu akishamaliza hasira anajisikia vibaya anakaa anamsimulia. Watapata kishamba chao kidogo, ng'ombe, kuku, bustani ya mboga, na sungura, Lennie ndio atakua anawakatia majani. Na Lennie anaijua yote kwa moyo, anamkatiza, anamalizia sentensi.

Wa Tandahimba akauliza, sasa anamwambia ya nini kitu anachokijua? Mama ntilie hata hakugeuka kwenye sufuria, akajibu, "mwanao akikuomba hadithi ya sungura na fisi kila siku, unafikiri hajui sungura anashinda?"

Kilichonishika mimi ni mzee mlinzi. Huyu mzee anakaa getini kwa jirani, mara nyingi hasemi. Nilipoeleza kwamba Lennie alilelewa na shangazi yake, shangazi akafariki, George akamchukua wakawa wanatembea pamoja, mzee akasema huyo sio rafiki, huyo ni amana. Kaachiwa. Vijana wakabisha, wanasema George anapata kazi kwa mgongo wa Lennie, bila yule jitu nani angemchukua. Mzee akasema amana na faida vinaweza kukaa nyumba moja, lakini siku faida ikiisha amana inabaki.

Hapa niwape kitu kimoja wasiojua kazi ya ghalani. Gunia la korosho ghafi ni kilo 80. Huwezi kujitwisha mwenyewe. Wawili wanalishika pembe kwa pembe, wanalirusha, wa tatu anaingia chini yake kwa shingo na bega huku ameinama, akisimama ndio mzigo umekaa, anakwenda mbio fupi fupi mpaka kwenye lori. Kama wanaokutwisha wamekuachia vibaya, sekunde ileile umevunjika kiuno. Kwaiyo hawa jamaa wanachagua mtu wa kumtwisha na wa kuwatwisha, na hawachagui mwenye nguvu peke yake, wanachagua asiye na kinyongo nao siku hiyo. Mmoja aliniambia aligombana na mwenzake kwa ajili ya deni la vocha na wote wawili wakakataa kutwishana wiki nzima, wakajikuta wanabembelezana ghalani na watu wasiowajua. Walipoelezwa kwamba Lennie akibeba shayiri hamna mtu kwenye timu anaweza kwenda nae sambamba, wakacheka kwa furaha kabisa, wakamkubali hapohapo.

Mwanzo wa Novemba, bwenini (sura ya 2 na ya 3)

Hizi tumezikalia sana na sijutii hata kidogo, hapa ndipo pana nyama.

Kuna mzee anaitwa Candy, mfagiaji, mkono mmoja ulikatwa na mashine hapohapo shambani. Ana mbwa mzee, haoni, ananuka. Wenzake wanamsakama kwamba mbwa anateseka na anawanukia, Carlson, kibarua mwenzao, anamtoa nje anampiga risasi, Candy amelala kitandani ameangalia dari na bweni zima linajifanya linacheza karata. Nilisimulia ile sehemu ya kusubiri mlio wa bunduki taratibu sana, nikawa nanyamaza pale ambapo kitabu kinanyamaza. Hakuna aliyegusa simu.

Alafu Candy anasikia George anamsimulia Lennie kuhusu kishamba. Anauliza bei. Tukachukua kipande cha boksi na mkaa wa mama ntilie tukaandika, maana wapakiaji walitaka kuona namba kwa macho. Kishamba cha ekari 10, bei dola 600, wenye nacho ni wazee wamefilisika na bibi anahitaji upasuaji. Candy alilipwa dola 250 kwa ule mkono, ana 50 benki, na 50 nyingine inakuja mwisho wa mwezi, jumla 350. George na Lennie wanalipwa 50 kila mtu kwa mwezi, wasipogusa senti, mwisho wa mwezi wana 100. Jumla yao 450. George anaona hiyo inatosha kuanza, mmoja aendelee na kibarua kumalizia 150 iliyobaki.

Kimya. Kisha sauti moja: "kumbe wanafika."

Ndio, wanafika! Hiki ndicho kitu ninachotaka kishikwe na kila atakayesikiliza igizo letu. Kitabu hiki mara nyingi kinaelezwa kwamba ni habari ya masikini wanaojidanganya na ndoto zisizowezekana. Piga hesabu wewe mwenyewe uone. Walikua wamebakiza mwezi mmoja wa kubeba shayiri. Kilichobadilika ni kwamba kwa mda mrefu ndoto ilikua ya watu wawili wenye dola 10 kati yao, haina bei wala tarehe, ni dawa ya usingizi tu, alafu akaja wa tatu na hela yake ya mkono uliokatika ikawa mpango. Hata George mwenyewe anashtuka, hakuwahi kuamini kweli mpaka siku hiyo.

Na Candy kaja kwa sababu gani? Wapakiaji wakaona haraka kuliko nilivyotegemea. Kaona walivyomfanyia mbwa. Anajua akishindwa kufagia atafukuzwa, hana ndugu, hana pa kwenda. Mmoja akauliza kuhusu fidia ya huku, nikamueleza Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, WCF, ulianza kazi 2015, lakini mlango wake ni mwajiri aliyesajiliwa kuripoti kwamba huyu mtu wangu kaumia, na kibarua wa kulipwa kwa gunia ambaye jina lake halijaandikwa popote kazi yake ya kwanza ni kuthibitisha kwamba siku ile alikuwepo. Mazungumzo yakahamia huko, nikayaacha yaende. Walikubaliana kuanza kuandika wenyewe kwenye daftari la mama ntilie, kila siku nani kafanya ghala gani na nani kamtwisha. Hilo daftari lipo, nimeliona, limeandikwa kwa bluu upande mmoja na madeni ya wali upande mwingine.

Mjadala mwingine ulikua kuhusu sharti la George, kwamba wasimwambie mtu yeyote. Mama ntilie anasema sahihi kabisa, hela ya kibarua ikijulikana imeshakwisha, kila mtu ana mgonjwa. Wengine wanasema hapana, siri ndio iliyowaponza, wangewaambia bweni zima wangepata watu sita wenye hamsini hamsini. Mi nipo na hao wa pili lakini mama ntilie ndio anawashikia hela zao za mchezo, kwaiyo hoja yake nzito.

Novemba, meli

Hamna kikao. Meli imetia nanga, ghala linafanya kazi usiku na mchana, vijana wote wako kazini. Nimetumia hizi siku kuandika mifupa ya igizo.

Mwisho wa Novemba, chumba cha Crooks

Kwa maoni yangu hii ndio sura kubwa kuliko zote na huwa haisemwi vya kutosha.

Crooks ni mtu mweusi pekee pale shambani, mtunza farasi, mgongo umepinda kwa teke la farasi. Haruhusiwi bwenini, analala chumba cha hatamu na dawa za farasi, peke yake. Ana vitabu. Kimojawapo ni sheria za madai za California za mwaka 1905, kimechakaa kwa kusomwa. Hebu fikirieni huyo mtu, anasoma usiku haki zake kwenye kitabu alafu asubuhi hana ruhusa ya kukaa meza ya karata.

Jumamosi usiku wenzao wako mjini, Lennie anaingia kwake anatabasamu, hajui kwamba hairuhusiwi. Crooks kwanza anamchokoza, anamwambia je George asiporudi? anaendelea kumsukuma mpaka Lennie anasimama na sura imebadilika, ndio Crooks anarudi nyuma, na hapo yanamtoka ya moyoni, kwamba mtu akikaa bila mtu wa kuzungumza nae anaumwa, akiona kitu hana wa kumuuliza kama na yeye amekiona. Alafu Candy anaingia na hesabu zake. Crooks anawacheka, keshaona mamia ya vibarua wana ardhi kichwani na hakuna hata mmoja aliyeipata. Lakini anaposikia hela ipo, sauti inashuka, anaomba na yeye aende, afanye kazi bila malipo, chakula tu.

Wa nne huyo. Nilisimama hapo nikawaacha wakae nayo.

Kisha mke wa Curley anaingia, Curley ni mtoto wa mwenye shamba. Maneno yanapanda, Crooks anapata ujasiri anamwambia atoke chumbani kwake, na yule mwanamke anamjibu kwamba anaweza kumfanya anyongwe kwenye mti kirahisi hivo. Marekani ya wakati ule hilo halikua tishio la mdomo, watu weusi walikua wananyongwa kweli na makundi ya watu kwa neno tu la kusingiziwa. Crooks anajikunja. Wakishaondoka anamwambia Candy asahau, alikua anatania.

Kijana mmoja ambaye ndio kaanza kuja akasema kwa hasira, "wanne wamevunjwa na mtu mmoja." Mama ntilie akaacha mwiko. Anasema na huyo dada je, mbona mwandishi kawapa karibu wote majina ila yeye hana, anaitwa mke wa fulani, kaolewa na mwanaume mgomvi, alitaka kuigiza filamu, shamba zima hamna wa kumsalimia, Jumamosi usiku mumewe yuko mjini na yeye anazungukia mabanda kutafuta mtu wa kuongea nae. Na hicho kidogo alichonacho cha kutishia anakitumia kwa aliye chini yake. Akasema ameshaona wanawake wa namna hiyo hapahapa na yeye mwenyewe ameshawahi kusukumwa akamsukuma mwingine. Baada ya hapo hakuna aliyesema kuhusu mke wa Curley kwa dharau, na kwenye igizo letu tumeamua mwanamke ana jina, ana hela yake kwenye mpango, na sauti yake itakua ya mama ntilie.

Desemba, tumemaliza kitabu

Nilijua itakua ngumu. Banda la nyasi, Jumapili, wanaume wako nje wanarusha viatu vya farasi, Lennie kamuua mtoto wa mbwa bila kukusudia, mke wa Curley anakuja kukaa nae kwa sababu hana mwingine, anamruhusu ashike nywele zake, Lennie anazidisha, anaogopa kelele, anamvunja shingo. Candy ndio anamkuta, anamuita George.

Na swali linalomuogopesha Candy kuliko yote ni kama bado wanaweza kwenda, yeye na George. George anasema alijua toka zamani kwamba haitatokea, ila Lennie alipenda sana kusikia hadi yeye mwenyewe akaanza kuamini. Atapokea hamsini yake akaimalizie mjini, basi.

Hapa kijana wa Tandahimba akasimama kabisa. "Subiri kwanza. Hela si zipo?"

Kimya kikubwa. Maana kweli zipo. 350 za Candy ziko palepale hazijaguswa. Kishamba bado kinauzwa. Bibi bado anahitaji upasuaji. Crooks mikono yake ipo. Kwenye kile kipande cha boksi ukiondoa mshahara wa Lennie unaondoa dola 50, kwenye 450 zinabaki 400. Kwa hesabu hakuna kilichokufa.

Wakabishana mpaka isha ikapita, wengine wakaenda kuswali wakarudi. Kuna waliosema George ni mwoga. Kuna aliyesema hapana, mtu aliyepatwa na msiba hawezi kupiga hesabu, muacheni. Mzee mlinzi akasema George alikua hajengi shamba, alikua anatunza amana, shamba lilikua njia ya kuitunza, amana ikiondoka shamba la nini. Na mi ndio naamini hivo, na ndio kitu chote ninachotaka kusema kupitia huu mradi, ndoto ilikua inaishi kwenye kusimuliwa. Ilihitaji mtu wa kuidai, wa kusema "hebu niambie tena", na Lennie ndio alikua huyo mtu. Candy alikuwepo pale anadai, anaomba kabisa, na George hakumsikia kama mtu wa kusimuliwa, kamuona mzee wa mkono mmoja tu. Hapo ndipo pananiuma zaidi ya risasi.

Risasi nayo tuliimaliza. George anamkuta Lennie mtoni, wenye bunduki wanakuja, Curley anataka alipe kwa maumivu, George anamwambia aangalie ng'ambo ya mto anaanza kumsimulia kishamba na sungura, anamuua kwa nyuma kwa bastola ya Carlson. Wengi hapa wamekataa. Uhai ni wa Mungu, hamna cha huruma hapo, wamesema wazi. Mmoja alisema kwamba Candy alijuta kumuachia mgeni ampige mbwa wake, kwaiyo George hakutaka kumuachia mgeni, ndivyo mwandishi alivyolipanga, lakini kuelewa sio kukubali. Nimeliandika hivohivo kwenye madondoo. Mzee mlinzi aliomba asiulizwe.

Januari, igizo letu

Tumelijenga hapahapa. Wapakiaji wawili, mmoja wa Nanyamba mmoja wa Ruangwa, wamekutana ghalani, wanatwishana. Wa Ruangwa ni mgonjwa wa kifafa, ndio maana mwenzake hamuachi apande juu ya lori. Ndoto yao ni ekari 1 ya mikorosho, na hiyo tumeipigia hesabu kwa sababu Candy katufundisha, nafasi inayoshauriwa na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele ni mita 12 kwa 12, kwa ekari inaingia miche 28, kwaiyo kwenye igizo mmoja anadai ahesabiwe miche mmoja mmoja mpaka 28 na kila mche ana jina lake. Vijana walivyorekodi kile kipande walikua wanaongeza majina yao wenyewe, nimeyaacha yote.

Mzee mlinzi ndio katuletea mzigo mzito wa igizo bila kutegemea. Baba yake alifanya kibarua kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Wanaojua historia ya huku wanaujua, ulianza 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakipanga ekari zaidi ya milioni 3 za karanga kwa ajili ya mafuta ya Uingereza baada ya vita, mitambo ikavunjika kwenye ardhi ngumu, mvua zikawagomea, 1951 wakauacha. Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya huo mradi na bandari hii yenyewe ya Mtwara imetokana na mpango huohuo, reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Yaani bandari wanayopakia korosho leo ni mabaki ya ndoto ya mtu mwingine iliyoshindwa kwa mamilioni ya pauni, na hakuna anayewaita wale mabwana kwamba walikua wanajidanganya, wanaitwa wapangaji. Kijana wa kupakia akitaka ekari 1 ndio anaambiwa anaota. Hili limeingia kwenye igizo kwa mdomo wa mzee, kalisema mwenyewe bila kuandikiwa, na hatujakata hata neno.

Mwisho wetu ulileta ugomvi. Wa Ruangwa anafariki, sio kwa mkono wa mtu, anaanguka na kifafa akiwa chini ya mzigo siku ambayo mwenzake hayupo. Wengine walitaka iishie hapo kwa sababu ndivyo inavyokua. Wengine wakataka ekari ipatikane. Tulichokubaliana ni eneo la mwisho liwe na watu watatu waliobaki, mzee, mama mwenye kibanda, na wa Nanyamba ambaye kafunga begi anaondoka kwenda Dar, na mzee anamzuia kwa kumuomba amsimulie ile ya mikorosho, yeye hajawahi kuisikia yote. Wa Nanyamba anakataa. Mzee anaanza kuihesabu mwenyewe, anakosea jina la mche wa nne, wa Nanyamba anamsahihisha. Wanabishana kuhusu wa tano.

Upande wa kurekodi, kibandani ilishindikana, bodaboda na bajaji hazikomi na majenereta yananguruma. Tumehamia kwenye stoo ya magunia matupu tuliyoazimwa, tumeyatundika ukutani na kuyatandika chini, jute inameza mwangwi vizuri sana kuliko nilivyofikiria, simu mbili, moja kwa msemaji na moja katikati ya chumba. Sauti ya kutwishana gunia ni ya kweli, wamebeba kweli, na ile pumzi unayoisikia ni yao.

Kipande cha kwanza na cha pili tayari viko kwenye grupu, cha tatu kitaingia Ijumaa. Asiye na bando aje na memori kadi yake kwa mama ntilie atawekewa bure. Bado tunatafuta mtu wa kupiga ngoma kwenye mwanzo, awe anaweza jioni. Kitabu kinachofuata wamechagua wenyewe, Kuli cha Shafi Adam Shafi, cha 1979, makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, na kwa kuwa hicho kimeandikwa Kiswahili wamesema watakisoma wao kwa zamu kwa sauti, wa Tandahimba ataanza, keshaondoka nacho nyumbani kujiandaa.